Picha 4 za nzi kutoka Kahuzi: ni huyu aliyenitia funza mgongoni?

#1 Mtu_wa_Nguba (Bukavu)
Jambo wote. Mwaka 2019 tulipanda mlima Kahuzi, mimi na shemeji zangu wawili na mlinzi wa parki. Tuliondoka Tshivanga asubuhi, tukamaliza msitu, tukaingia kwenye mianzi, na huko mvua ikatuchapa mpaka ndani ya viatu. Usiku tulilala kijiji cha Miti kwa shangazi yao, nikafua shati, nikalianika juu ya ua.

Siku ya 9 baada ya kurudi nyumbani nikaota jipu chini ya bega la kushoto. Nikajua ni jipu tu. Mke wangu akaliangalia kwa tochi, akaniambia: "Hiki kitu kinapumua." Lilikuwa na katundu katikati, katundu kanatoa maji, na usiku nilisikia kama mtu ananidunga sindano kutoka ndani. Mama mkwe akanipaka mafuta ya mgando mazito, akaacha, akarudi akakamua. Akatoka funza mweupe, mnene, urefu kama punje mbili za mchele zilizofuatana.

Simu niliyokuwa nayo safari ile ilikufa. Wiki hii fundi ameifufua na picha zote zimo. Naweka 4:

Picha 1: nzi mkubwa, mweusi wa kijivu, yuko juu ya jani la mwanzi. Tumbo limejaa nywele ngumu kama brashi ya viatu.
Picha 2: yuleyule, kwa ubavu.
Picha 3: nzi wa rangi ya chai ya maziwa, ametua kwenye shati langu pale Miti.
Picha 4: mmoja mwembamba anaelea juu ya msafara wa siafu.

Mimi namshitaki wa picha 1. Alinifuata mlima mzima. Jina lake nani?

#2 Chukudu_wa_Birere (Goma)
Picha 4 ni nzi au ni alama ya kidole kwenye kioo?

#3 Mama_Furaha (Kadutu)
Pole sana papa. Ile njo funza ya nguo. Huku kwetu tunapigaka pasi kila kitu, ata chupi, ata nepi ya mtoto. Ukianika nguo kwa majani, inzi anakuja anaweka mayai, wewe unavaa nguo ikingali na ubichi, njo inaingia. Mulima usiusingizie.

#4 Mwalimu_Bagira
Mama Furaha amefika mapema, ila swali lilikuwa jina la nzi, basi twende kwa nzi.

Picha 1 naiweka Tachinidae bila kusita. Ni ukoo mkubwa wa nzi, aina kama 3,000 duniani, na mabuu yao karibu wote wanakulia ndani ya wadudu wengine: viwavi, mbawakavu, kunguni wa mimea, panzi. Mtu hawamhitaji kabisa. Dalili yao ni hizo nywele ngumu za tumboni zinazosimama kama miiba, na kale kanywele ka kipapasio ambako kwa wengi wao kako wazi, hakana matawi. Kwa hiyo mshitakiwa wako hana kesi, mwachie huru.

Na kwa wanaoanza: nzi wote wana mbawa mbili tu. Zile mbawa za nyuma zimebaki vijirungu viwili vidogo vya kumsaidia asipinduke angani. Ukihesabu mbawa nne, huyo ni nyigu au nyuki, tusipoteze muda.

#5 Mtu_wa_Nguba
Aksanti Mwalimu. Lakini kama hanihitaji, kwa nini alinifuata kutoka msituni mpaka kwenye mianzi?

#6 Chukudu_wa_Birere
Jasho, yaya. Ulikuwa unanuka chumvi. Na utajuaje ni mmoja? Labda walikuwa 40 wanapokezana.

#7 Docta_wa_Mbuzi (Goma)
Mimi ni wa mifugo, si wa wadudu, lakini nzi wananilisha. Namsahihisha Mwalimu mara mbili, kwa heshima.

Kwanza, Tachinidae waliokwisha kuandikwa ni zaidi ya 8,000, na kila mwaka wanaongezwa. Pili, si nzi wote wenye mbawa. Nenda kwenye pango la popo uchunguze manyoya ya popo mmoja, utaona kitu kama buibui kisicho na kichwa kinakimbia kinyumenyume. Huyo ni nzi wa ukoo wa Nycteribiidae, hana bawa hata moja. Na ndugu zake wa ukoo wa Hippoboscidae, bapa kama kupe, wale wanaowashika ng'ombe na mbwa na hata ndege, wamo ambao wakishapata mnyama wanazikata mbawa zao wenyewe. Safari imeisha, mbawa za nini tena.

Sasa kesi yenyewe. Mwenye kuangaliwa ni wa picha 3. Rangi ya chai ya maziwa, kwenye nguo mbichi: namwona Cordylobia anthropophaga. Jike lake hutaga kwenye mchanga mkavu wenye harufu ya mkojo au kwenye nguo zilizoanikwa kivulini. Yai likianguliwa, kabuu kanangoja joto la mwili lipite, kanatoboa ngozi, kanakulia humo siku 8 hadi 12. Yale mafuta ya mama mkwe yamemnyima hewa, kwa sababu anapumua kwa matakoni, na matako ndiyo yanayobaki kwenye katundu. Mke wako alisema kweli, kilikuwa kinapumua.

#8 Mwalimu_Bagira
8,000 nimekubali, daftari langu ni la zamani. La popo pia nimekubali, ingawa natamani nisingelisoma wakati wa kula.

#9 Kijana_wa_Kigoma
Nyie watu wa Bukavu, "njo" ndiyo nini? Na nzi mnamwita "inzi"? Kiswahili chenu kinahitaji mkalimani.

#10 Mama_Furaha
Njo ile ile wewe uliielewa ukajibu.

#11 Chukudu_wa_Birere
Moja kwa sifuri.

#12 Papa_Lukas (Lubumbashi)
Mnasahau ndorobo. Nzi anayemfuata mtu njia nzima ni ndorobo. Huku Katanga babu zetu walihama vijiji kwa sababu yake.

#13 Docta_wa_Mbuzi
Papa Lukas, ndorobo akipumzika hupanga mbawa moja juu ya nyingine kama mkasi uliofungwa, na mdomo wake unachomoza mbele kama sindano. Picha 1 mbawa zimefunguka pembeni. Tena ndorobo haweki funza kwa mtu: anamlea buu wake tumboni mmoja mmoja, anamshusha ardhini akiwa tayari kugeuka bundo, lile ganda ambamo buu hugeuka nzi. Anachotuletea ni malale, na huo ni mzigo mwingine.

#14 Papa_Lukas
Sawa. Nilitaka tu asisahaulike.

#15 Jicho_la_Kivu (Bukavu)
Mimi kazi yangu ni kupiga picha, harusi na misiba, na siku za mapumziko napiga wadudu. Nimezivuta hizo picha mpaka zikapasuka. Ndugu yetu, picha 1 na picha 2 si nzi mmoja.

Angalia picha 2. Macho yamegusana juu ya kichwa, na zile nywele ngumu za tumbo hazipo, tumbo ni laini. Kisha fuata mishipa ya bawa: kuna mmoja unapinda katikati kama kiwiko cha mtu anayebeba ndoo. Picha 1 hana macho ya kugusana, na tumbo lake ni brashi kweli. Wewe ulipiga wa kwanza, akaruka, akaja mwingine akakaa jani lile lile, ukaendelea kubonyeza.

Watu wanadhani picha moja nzuri ya juu inatosha. Kwa nzi haitoshi. Nataka ya mgongo, ya ubavu, na ya uso, tena uso ndio wenye siri nyingi. Weka na kitu cha kupimia. Wazungu huweka sarafu, sisi Kongo sarafu tutaitoa wapi? Weka njiti ya kibiriti au kifuniko cha biki. Noti ya mia tano usiweke, ya kwetu imechakaa mpaka haijulikani mwisho wake uko wapi. Na ukiwa mlimani usimfuate ukiwa umesimama: ngoja asubuhi kabla jua halijamchemsha, piga magoti, umsogelee polepole kivuli chako kisimguse.

#16 Mtu_wa_Nguba
Nimerudi kuangalia. Jicho, umenivunja moyo. Ni kweli macho ni tofauti.

#17 Mwalimu_Bagira
Huyo mwenye mshipa wa kiwiko ni Syrphidae, upande wa Eristalis, wale wanaojifanya nyuki. Buu lake linakaa kwenye maji machafu, lina mkia mrefu wa kupumulia kama wa panya. Si kimelea wa mtu wala wa kiwavi. Amekuja kula chavua akajikuta mahakamani.

#18 Mdudu_wa_Lwiro
Nilikuwa nasoma kimya, sasa niingie. Niliwahi kufanya mafunzo pale kituo cha utafiti cha Lwiro, kile kilichoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1947, na nimefungua masanduku ya wadudu mpaka nikaota nywele za nzi usingizini.

Kama picha 2 si yeye, basi hatuna ubavu wa picha 1, na bila ubavu Mwalimu hawezi kusema "bila kusita". Tachinidae anathibitishwa nyuma ya kifua: chini ya ile ngao ndogo ya mgongoni kuna uvimbe wa pili, kama mtu mwenye kidevu juu ya kidevu. Uvimbe huo hauonekani kutoka juu. Na mimi kwenye picha 1 naona mistari mitatu myeusi kifuani na tumbo la madoa ya kijivu yanayobadilika kama kitambaa cha drafti. Hiyo ni sura ya Sarcophagidae, nzi wa nyama. Wengi wao wanafuata mizoga na kinyesi, na wamo ambao mabuu yao wanaishi kwenye viota vya nyigu na nyuki wapweke.

Sisemi ni yeye. Nasema picha inawabeba wote wawili.

Picha 4 ndiyo dhahabu, mmeidharau. Juu ya siafu kuna nzi wa namna tatu wa kujulikana. Kuna vijidudu vya Phoridae, vidogo, vyenye mgongo wa kibyongo. Kuna Bengalia, huyu ni mwizi wa njiani: anasimama kando ya msafara, siafu akipita na buu au kipande cha nyama, anamnyang'anya. Na kuna Stylogaster, mwembamba, mdomo mrefu uliokunjwa, anaelea mbele ya siafu bila kutua. Siafu hana shida naye. Anawangoja mende na nzi wanaokimbia siafu, anawarushia mayai yenye ncha kama mishale, yai linajikita mwilini. Mwembamba anayeelea bila kutua, mimi nasema Stylogaster.

#19 Chukudu_wa_Birere
Naomba radhi kwa alama ya kidole.

#20 Mtu_wa_Nguba
Mdudu wa Lwiro, nakumbuka vizuri: alikuwa anasimama hewani kama ameshikwa na uzi, halafu anashuka ghafla, anapanda. Mlinzi wa parki alituambia tusisimame, kwa sababu siafu walishaanza kupanda viatu. Ndiyo maana picha imetikisika. Shemeji mkubwa alikuwa anavua suruali.

#21 Chukudu_wa_Birere
Picha hiyo iko wapi?

#22 Mkulima_Walungu
Naingilia kidogo, samahanini. Hao Tachinidae ndio wanaotaga vidoti vyeupe kwenye viwavi? Tangu kiwavijeshi vamizi aingie kwenye mahindi, nikifungua majani nakuta mmojammoja ana vidoti kama punje za chumvi karibu na kichwa. Mimi nawaponda wote.

#23 Mdudu_wa_Lwiro
Usiwaponde hao. Wako wanaobandika mayai makubwa meupe kwenye ngozi ya kiwavi, na mahali wanapopenda ni nyuma ya kichwa ambapo meno yake hayafiki. Wako wengine wanaotaga vijiyai vidogo sana kwenye jani, kiwavi anavila pamoja na chakula. Kwenye kiwavijeshi huku Afrika ameshapatikana Drino quadrizonula. Mchukue mmoja mwenye vidoti, mweke kwenye chupa na majani, funika kwa kitambaa. Kiwavi atakufa, atatoka buu, buu atakuwa bundo la kahawia, na bundo litakupa nzi. Hapo utapiga picha ya nzi ambaye unajua amekula nini, na hiyo inazidi picha 100 za mlimani.

#24 Mkulima_Walungu
Nitajaribu. Mke atauliza chupa yake ya chumvi imeenda wapi.

#25 Docta_wa_Mbuzi
Turudi mgongoni kwa mwenzetu, maana picha 3 haijaisha. Swali: siku ya 9 ni jipu lilianza au funza alitoka?

#26 Mtu_wa_Nguba
Jipu lilianza siku ya 9. Funza alitoka siku ya 14, nakumbuka ilikuwa Jumapili, tulikosa misa.

#27 Docta_wa_Mbuzi
Hapo sasa. Huyu wa kawaida, anthropophaga, anamaliza siku 8 hadi 12. Siku ya 14 akiwa bado ndani, mimi nafikiria ndugu yake, Cordylobia rodhaini, anayekaa misitu yenye unyevu, ambaye anakaa mwilini siku 12 hadi 15. Jina hilo linamkumbuka Rodhain, daktari Mbelgiji aliyefanya kazi Kongo. Na msitu wenye unyevu ni wapi kama si Kahuzi? Pengine mlima una hatia kidogo.

#28 Mwalimu_Bagira
Docta, unahesabu tangu lini? Unahesabu tangu siku ya safari, kana kwamba aliingia siku hiyo. Yai kwenye nguo linaanguliwa baada ya siku 1 hadi 3, na kabuu kasipopata mtu kanaweza kungoja zaidi ya wiki nzima. Shati lilivaliwa lini? Kama alilivaa siku ya 7 na jipu likaanza siku ya 9, funza aliyetoka siku ya 14 alikaa siku 7 tu, na kwa huyo rodhaini wako hiyo haitoshi. Na huenda hata si shati lile. Nguo za Nguba nazo zinaanikwa.

#29 Jicho_la_Kivu
Na kwenye picha 3 yenyewe mnaona nini? Nzi wa rangi hiyo wako wengi. Nimewahi kupiga Bengalia wa rangi ile ile ya chai.

#30 Mdudu_wa_Lwiro
Kweli. Rangi hiyo wako Cordylobia, wako Bengalia, na yuko Auchmeromyia, ambaye buu lake linajificha kwenye udongo wa sakafu, usiku linafyonza damu ya aliyelala kwenye mkeka, alfajiri linarudi kwenye ufa. Halitoboi ngozi kukaa ndani. Kumtenga na Cordylobia unaangalia tumbo na macho: Auchmeromyia macho yako mbali kwa dume na kwa jike, na jike pingili ya pili ya tumbo ni ndefu kupita kawaida. Picha 3 mbawa zimefunika tumbo, na kichwa kimeingia kwenye mkunjo wa kola. Nzi mwenye akili sana huyo.

Kwa hiyo nimebaki na swali moja. Funza mwenyewe yuko wapi? Mkia wake una mabamba mawili ya kupumulia, kila bamba na michirizi mitatu. Kwa anthropophaga michirizi imepinda kidogo, kwa rodhaini inajizungusha kama utumbo. Hata miaka imepita, kama mlimtia kwenye pombe kali, tunammaliza leo.

#31 Mtu_wa_Nguba
Mama mkwe alimtupia kuku.

#32 Chukudu_wa_Birere
Na kuku?

#33 Mtu_wa_Nguba
Krismasi ya 2019. Na fufu.

#34 Mama_Furaha
Kumbe mulikula ushahidi yote.

#35 Docta_wa_Mbuzi
Nina kisa cha kufanana. Mchungaji wa kondoo kule juu ya Sake alikuja kwangu na jicho jekundu, anasema mchanga umemwingia akipita kondoo wake wanaopiga chafya. Nikaangalia kwa tochi: vitu vyeupe vidogo vinatembea juu ya jicho. Ni Oestrus ovis. Nzi huyo hatagi mayai, anarusha mabuu hai puani kwa kondoo na mbuzi akiwa anapita angani, na mara chache anakosea shabaha anampata mtu jichoni. Nilimpeleka kwa daktari wa watu. Hiyo ndiyo mara pekee nimekuwa na hakika ya nzi asilimia 100, na nzi mwenyewe sikumwona.

#36 Kijana_wa_Kigoma
Mimi leo nguo zangu zote napiga pasi. Hata soksi.

#37 Papa_Lukas
Je, hakuna mahali picha zetu zinaweza kulinganishwa na nzi halisi wa mlima huo? Si walikusanywa zamani?

#38 Mdudu_wa_Lwiro
Walikusanywa sana. Msafara wa mtafiti Mbelgiji de Witte peke yake, 1933 hadi 1935, ulizunguka Virunga, wakati huo ikiitwa Parki Albert, na sehemu kubwa ya wadudu wa enzi hizo wako kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, wamechomwa pini na karatasi zao. Ukitaka kumtambua nzi wa hapa, mwenzake yuko kule. Lwiro kuna vilivyobaki, na vina thamani, lakini kufunguliwa kwake kunategemea nani ana funguo siku hiyo.

#39 Chukudu_wa_Birere
Nzi amepata viza, mimi bado.

#40 Mtu_wa_Nguba
Nimempigia shemeji mdogo nimwulize shati nililivaa lini. Hakumbuki. Ila ameniambia jambo ambalo hakuwahi kusema: na yeye alipata jipu wiki ile ile, akalikamua peke yake, akanyamaza. Na yeye hakufua wala kuanika kitu pale Miti. Alirudi na nguo zake zimelowa mwilini.

#41 Docta_wa_Mbuzi
Eeh! Basi hapo si kamba ya nguo. Alikaa chini wapi? Mchangani? Kwenye majani? Jipu lilikuwa upande gani wa mwili?

#42 Mama_Furaha
Ao alilala kwa mashuka ya shangazi. Nani alipigaka pasi yale mashuka?

#43 Mwalimu_Bagira
Mwambie apige picha ya kovu. Kwa njiti ya kibiriti pembeni.

#44 Mtu_wa_Nguba
Nimemwambia. Amekataa kusema ni upande gani, na picha amekataa kabisa.